Nyumba ya Gardner-Pingree, Salem: tofali, nakshi na fedha ya Unguja

Wanaoshuka treni Salem, Massachusetts, wengi wao wanafuata wachawi. Mji huu umekula jina la kesi za uchawi za 1692 mpaka magari ya polisi yamebandikwa mchawi aliyepanda ufagio. Kwa aliyekuja kuangalia ujenzi hiyo ni neema. Foleni ndefu ziko kwingine, yeye anaachiwa kiwanja kimoja cha Mtaa wa Essex chenye nyumba tatu ambazo ukizipitia kwa mpangilio, asubuhi moja inakutosha kuona miaka 120 ya useremala na uashi wa Marekani. Zote ziko chini ya Makumbusho ya Peabody Essex: nyumba ya John Ward ya 1684, ya Crowninshield-Bentley ya 1727, na ya Gardner-Pingree ya 1804, namba 128.

Tathmini hii ni ya hiyo ya tatu. Hata hivyo usianze nayo. Ukiingia Gardner-Pingree bila kuiona Ward, utaona nyumba nzuri ya tajiri, basi. Ukitoka Ward kwanza, utaona ni matatizo gani yalitatuliwa.

Ward ni fremu ya miti mizito. Ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mwaloni kinapigwa kupita kwenye vyote viwili, kwa hiyo uzito wa nyumba haubebwi na misumari. Ukiwa ndani inua macho: boriti moja nene inakatiza dari ya chumba kutoka upande hadi upande, na kingo zake zimechongwa mshazari zisiwe kali. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kidogo kuliko ya chini. Dohani ni moja, kubwa, imekaa katikati kama kiini cha embe, na vyumba vimeizunguka. Mwanzoni kulikuwa na chumba kimoja chini na kimoja juu, vyote upande mmoja wa dohani. Upande wa pili uliongezwa baadaye, na nyuma kikaja kipenu. Ndivyo familia nyingi za New England zilivyojenga, kipande kwa kipande kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Tahadhari moja kuhusu Ward. Haikujengwa hapo ilipo. Ilikuwa Mtaa wa St. Peter, ikitazamana na gereza, na 1910 ikahamishwa na George Francis Dow, aliyeifufua na kuweka kwenye kipenu chake duka la dawa, kiduka cha vitu vya senti moja moja na chumba cha kufumia. Madirisha yale ya vioo vidogo vilivyokatwa umbo la kashata na kushikwa kwa vipande vya madini ya risasi yanapigwa picha kuliko kitu kingine chochote, nayo ni kazi ya ukarabati wake. Dow aliyatengeneza kwa kufuata alichokijua kuhusu zama hizo, na alijua mengi. Ila usije ukamwambia mtu umegusa dirisha la 1684.

Crowninshield-Bentley unaweza kuipita haraka. Ni nyumba ya mbao ya kipindi cha kati, nayo ilihamishiwa hapo baadaye. Kikubwa chake ni mpangaji wake, mchungaji William Bentley, aliyekaa humo kuanzia 1791 hadi 1819 na kuandika shajara iliyobeba karibu kila uvumi wa mji.

Sasa simama mbele ya Gardner-Pingree, ng'ambo ya barabara ikiwezekana. Ni boksi la tofali lenye ghorofa tatu na madirisha matano kwa upana. Boksi la namna hiyo kwa kawaida huwa zito kama ghala. Hili si zito, na inafaa utafute kwa nini kabla mwongozaji hajakuita ndani. Kwanza, kuna tepe nyembamba za marumaru nyeupe zinazokata uso wa jengo kwa ulalo mahali sakafu za juu zilipo, kwa hiyo jicho halioni ukuta mmoja mrefu bali tabaka tatu. Pili, madirisha ya ghorofa ya tatu ni mafupi kuliko ya chini yake, na ufupi huo unaifanya nyumba ionekane kuisha taratibu kwa juu. Tatu, paa limeinama kidogo tu na limefichwa na uzio wa nguzo ndogondogo kando yake, hivyo unachoona juu ni mstari mwepisi na anga. Mwisho ni kibaraza cha mlangoni, cha nusu duara, juu ya nguzo nyembamba za mtindo wa Korintho. Kwenye uso ulionyooka hivyo, ndicho kitu pekee kinachotokeza, na kwa sababu kiko peke yake kinatosha. Nyuma yake mlango una dirisha pana la upinde juu na vioo vyembamba kando, maana ukumbi wa kati hauna njia nyingine ya kupata mwanga wa kutosha.

Hesabu dohani. Ni nne, na zimepelekwa kwenye kuta za pembeni. Hapa ndipo ziara ya Ward inalipa. Pale dohani ilikaa katikati, kwa hiyo mlango ulifunguka kwenye kijisebule chembamba na ngazi zikabanwa mbele ya tofali. Ukizipeleka dohani pembeni, katikati panabaki wazi: ukumbi unaopita kutoka mbele hadi nyuma, ngazi zinazopanda bila kujikunja kwa dhiki, na kila chumba na meko yake. Gharama yake ni tofali nyingi zaidi na joto linalopotelea kwenye ukuta wa nje. Mtu wa 1684 asingekubali hasara hiyo. John Gardner, mfanyabiashara wa meli, aliimudu.

Kazi hii ni ya Samuel McIntire (1757–1811), mchonga miti wa hapohapo Salem aliyejifunza usanifu kwa kazi na kwa vitabu vya michoro. Wengi wanaihesabu kuwa nyumba yake bora kuliko zote, na ukiwa ndani huoni sababu ya kubisha. Yeye alikuwa mtu wa patasi kwanza. Kwa hiyo usipoteze muda wako wote kwenye samani, ambazo nyingi ni za zama hizo na si lazima ziwe za Gardner. Nenda kwenye fremu za meko za sebule. Utaona miganda ya ngano iliyochongwa, mashina yamefungwa katikati, masuke yameinama huku na huku, na vikapu vya matunda. Mganda wa ngano ulikuwa kama sahihi yake. Unaukuta pia kwenye migongo ya viti alivyovichonga.

Zama zile mapambo ya namna hii yalipatikana kwa njia mbili, na zote zikipakwa rangi zinafanana. Moja ni mti uliochongwa. Nyingine ni uji mzito wa chokaa ya unga, gundi ya wanyama, utomvu na mafuta ya kitani, unaokandamizwa kwenye kalibu, ukitoka unabandikwa. Kuzitofautisha kunahitaji mwanga wa pembeni. Kwenye mti patasi inaweza kuingia chini ya jani na kuacha kivuli cheusi kabisa. Kitu kilichotoka kwenye kalibu hakiwezi kuwa na uvungu wa hivyo, la sivyo kisingechomoka. Uji ukizeeka hunywea na kupasuka mipasuko midogo ya kukatiza, ilhali mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Na tafuta marudio: ua la kalibu linafanana na pacha wake hadi dosari, ua la patasi halifanani. Mwombe mwongozaji asogee kidogo uinamie meko kutokea upande wa dirisha. Usiguse.

Rangi za vyumba huwashtua wengi. Watu hutegemea nyumba ya kale iwe nyeupe na kijivu, wakakuta rangi kali na karatasi za ukutani zenye makeke. Chanzo ni ukarabati wa miaka ya 1980. Kazi ya namna hii hufanywa hivi: kipande kidogo cha rangi, chenye tabaka zote hadi kwenye mti, kinakatwa mahali pasipoonekana, kinagandishwa kwenye utomvu wa plastiki, kinasagwa ubavuni na kutazamwa kwa hadubini. Tabaka zinasomeka kama udongo wa kisima, la chini ndilo la kwanza. Kosa la warabati wa zamani lilikuwa kukwangua hadi tabaka hilo na kulinganisha rangi kwa macho. Mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano, na baadhi ya buluu hufifia, kwa hiyo walichoiga kilikuwa rangi iliyochakaa. Nyumba nyingi za kihistoria za Marekani bado zimevaa uchakavu huo na watu wanauita heshima. Hii imevuliwa.

Jikoni ndiko kuliko na kitu nadra kuliko vyote: jiko la kuokea la Rumford. Aliyelibuni ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Woburn, si mbali na Salem, aliyefanya kazi ya uanagenzi dukani hapahapa Salem kabla ya kukimbilia upande wa Waingereza na kuishia kupewa cheo cha kikabaila, Count Rumford, huko Bavaria, Ujerumani. Usilidhanie ni tanuri la kawaida. Ni pipa la bati la chuma lililolazwa ndani ya ukuta wa tofali, mlango wake ukitazama chumba. Chini yake kuna kijumba chake cha moto, kidogo mno kwa macho ya mtu aliyezoea meko ya Ward. Moshi unalizunguka pipa kabla ya kuingia dohani, hivyo nyama haikutani nao. Chini ya pipa, juu kabisa ya moto, hupita mabomba mawili ya hewa. Mpishi akiweka nyama huyafunga na kuacha iive kwa joto la kuzungukwa. Karibu na mwisho anayafungua pamoja na tundu la mvuke la juu. Hewa iliyochemka inapita juu ya nyama, unyevu unatoka, ngozi inakauka na kuwa kahawia. Chini ya nyama kuna karai mbili, moja ndani ya nyingine, na maji katikati yake, ili mafuta yanayodondoka yasiungue na kuitia nyama harufu.

Lilikuwa linakosea wapi? Kwenye mazoea ya mpishi. Aliyezoea meko wazi huongeza kuni akiharakishwa, na moto mkubwa kwenye kijumba kidogo huunguza bati la chini badala ya kuharakisha chakula. Mabomba ya hewa yakiziba masizi au yakisahauliwa wazi, nyama inatoka imechemka badala ya kuokwa, au imekauka kama ubao. Majiko haya yalihitaji fundi wa bati, mwashi na mpishi mwenye subira, wote katika nyumba moja, kwa hiyo yalibaki kwenye majumba ya wenye nacho. Yalipokuja majiko ya chuma ya kusimama, wengi waliyang'oa. Mahali pachache tu utalikuta likiwa bado kwenye ukuta wake.

Rumford huyo ndiye aliyerekebisha na meko ya kawaida, kwa andiko lake la 1796. Kanuni zake ni fupi: ukuta wa nyuma uwe kama theluthi ya upana wa mbele, kuta za ubavu zikae mshazari ili zitupe joto chumbani, na koo la dohani lisizidi inchi 4 hivi, karibu sentimita 10. Ukitoka, rudi Ward ukapige picha meko yake, pana na yenye kina kiasi cha mtoto kukaa ndani. Sehemu kubwa ya joto lake ilikwenda kwa ndege.

Historia ya wamiliki inasimuliwa kwa msisimko mahali kusikohitajika. Gardner hakudumu. Marufuku ya biashara ya nje ya 1807 ilizifunga bandari za Marekani, na 1811 nyumba ikatoka mikononi mwake ikaenda kwa shemeji yake. 1814 ikanunuliwa na Kapteni Joseph White, ambaye utajiri wake uligusa biashara ya watumwa. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1830 White aliuawa kitandani humo kwa rungu na kisu na mtu aliyekodiwa kwa ajili ya urithi. Mkodiwa alijinyonga gerezani, ndugu wawili waliomkodi wakanyongwa, na mwanasheria Daniel Webster akajipatia sifa kwa kuendesha mashtaka. Wageni wengi hutoka na hadithi hiyo tu. Dakika tano zinaitosha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa kinachostahili muda ni cha aliyefuata, David Pingree, aliyeichukua nyumba 1834. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts alikuwa ametia saini Muscat, Omani, mkataba kati ya Marekani na Sayyid Said, uliowaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5 ya bidhaa walizoshusha. 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard P. Waters, mtu wa Salem, ambaye papo hapo alikuwa wakala wa biashara wa Pingree. Waters akafunga urafiki wa faida na Jairam Shivji, aliyekodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha, na kwa miaka kadhaa washindani wao walilalamika kwamba hakuna mlango mwingine wa kuingilia. Meli zilikwenda na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kikiitwa merikani kuanzia madukani Unguja hadi kambi za misafara bara. Zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi.

Sandarusi hasa inaiunganisha pwani yetu na samani za nyumba kama hizi. Ilichimbwa Mrima, ikasafirishwa na gamba lake la udongo, na Salem kilikuwepo kiwanda cha kuiosha. Huoshwa kwa maji ya magadi hadi gamba litoke na uso wake uonekane na vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha watengeneza vanishi huiyeyusha kwa moto mkali na kuichanganya na mafuta ya kitani ya moto. Ikipakwa inakuwa ngumu kuliko vanishi nyingine nyingi za wakati ule, ndiyo maana mafundi wa magari ya farasi waliipenda.

Nyumba yenyewe haikujengwa kwa fedha ya Unguja, hilo liwekwe sawa. 1804 biashara hiyo ilikuwa haijaanza. Ila Pingree alikaa humo wakati fedha hiyo inaingia, na ukoo wake ukaishika hadi 1933 ulipoikabidhi kwa Taasisi ya Essex, iliyoungana na makumbusho ya Peabody 1992. Waters aliuchukia utumwa na aliandika hivyo, huku akinunua pembe zilizobebwa mabegani na kuuza kitambaa cha pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Uliza aliyapatanishaje hayo mawili, ukiwa mbele ya miganda ya ngano. Ni swali zuri kwa mwongozaji yeyote.

Jambo la matunzo, kwa mafundi. Tofali za 1804 zimejengwa kwa chokaa. Saruji ya Portland ilipata hataza 1824. Ukuta kama huu ukizibwa viungo kwa saruji, kiungo kinakuwa kigumu kuliko tofali, unyevu unakosa pa kutokea isipokuwa kwenye tofali lenyewe, majira ya baridi unaganda, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Fundi wa Mji Mkongwe analijua tatizo hili bila barafu: lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huvimba na kuanguka vipande. Ukitembea Salem linganisha nyumba za tofali za watu binafsi na hii, utaziona zilizotibiwa kwa saruji kutoka mbali.

Nyota? Jengo, tano. Ziara, nne. Huwezi kuingia peke yako. Unaingia na mwongozaji kwa saa zilizopangwa, na ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalia tovuti ya makumbusho siku hiyohiyo kabla ya kulipia treni. Kundi husogea kwa mwendo wa asiyejali meko. Kaa nyuma, uwe wa mwisho kutoka kila chumba. Mwenye shida ya magoti aulize habari za ngazi mapema. Oktoba usiende kabisa, maana mji unajaa watu wa Halloween na treni hazina pa kusimama. Kutoka kituo cha North Station, Boston, ni kama nusu saa kwa treni ya njia ya Newburyport na Rockport, kisha unatembea. Nje ya nyumba zote tatu unaweza kuzitazama bure, na kwa uso wa Gardner-Pingree hiyo pekee inalipa nauli.

Atakayetaka barua za Waters na karatasi za Pingree asizitafute hapo. Maktaba ya Phillips, inayozihifadhi, ilihamishiwa Rowley 2018, jambo ambalo watu wa Salem hawajalisamehe. Rowley ina kituo kwenye tawi la Newburyport la njia hiyohiyo, lakini maktaba iko mbali na kituo, kando ya barabara kuu. Andika kuomba nafasi kabla, na panga teksi ya kwenda na ya kurudi.